Mwacheni Aje, Nina Maneno Naye

Kosa ni langu, na nalikiri mapema kabla Kipara hajawaletea toleo lake. Asubuhi ile nilikuwa nimefunga vyombo vya sauti kwenye ukumbi wa chuo cha ufundi, ng'ambo ya barabara, kwa ajili ya mdahalo wa kesho yake. Ndiyo kazi yangu: nakodisha viti, maturubai na spika, na stashahada yangu ya ugavi imetundikwa ukutani nyuma ya rundo la viti vya plastiki, haijaonekana tangu mwaka juzi. Nikajaribu kipaza cha mkononi, kile kisicho na waya. Moja, mbili, moja, mbili. Kikaitika vizuri. Nikakitia mfukoni, nikavuka barabara kwenda kunywa chai.

Kijiweni kikawa kinanichoma ubavu, nikakitoa, nikakisimamisha mezani karibu na kopo la sukari. Kina kitaa cha kijani pale chini. Kijani maana yake kimewaka. Mimi nikakiona kabisa kile kitaa, nikasema moyoni, alaa, betri bado nzima.

Nisichojua ni kwamba chumba cha mikutano cha chuo kilikuwa kinapakwa rangi, na bodi nzima imehamia ukumbini. Wakaketi, na juu ya vichwa vyao spika zangu nne. Sisi wenyewe hatukuweza kujisikia. Kijiwe chetu kimepakana na mashine ya kusaga unga. Pale hata kuombana sukari tunapigiana kelele.

Tulikuwa watano. Mama Chupa, mwenye kijiwe, anayeuza chai kutoka kwenye chupa sita na anajua ipi ya nani. Kipara, kinyozi, ambaye kichwa chake mwenyewe hakijamtangazia biashara hata siku moja. Grinda, dada anayetengeneza mageti na madirisha ya chuma pale kona, miwani ya kazi daima juu ya kilemba. Mimi. Na wa mwisho kufika, Mzee Muhtasari, karani mstaafu wa chuo hichohicho, aliyeandika kumbukumbu za vikao miaka thelathini na moja na bado hajaweza kuongea kama binadamu.

“Waheshimiwa,” akasema kabla hajakaa, “kuna tangazo limebandikwa getini. Nimelinakili.”

“Hata salamu hakuna?” akauliza Mama Chupa.

“Salamu zimepokelewa. Nasoma. ‘Kufuatia maoni ya wadau mbalimbali, bodi itaketi leo kutafakari upya mwaliko wa mzungumzaji mkuu wa mdahalo, kwa kuzingatia heshima ya taasisi na kwa nia ya kuwalinda wanawake.’ Mwisho wa kunukuu.”

Grinda akaweka kikombe chini. “Wanawake gani?”

“Haikufafanuliwa.”

“Mimi nimo?”

“Kwa tafsiri pana, umo.”

“Nani kaniuliza?”

Mzee akapekua daftari lake, akarudi ukurasa wa nyuma, akasogea wa mbele. “Hakuna kumbukumbu ya kuulizwa kwako.”

Hapa niwaeleze, maana msije mkadhani mgeni mwenyewe ni jambazi. Mzungumzaji aliyealikwa na wanafunzi ni Fundi Sikio, mzee wa gereji ya malori. Hajasoma hata siku moja. Anaweka spana kwenye injini, ncha ya pili sikioni, anafumba macho, anakuambia lori linaumwa nini na limeanza kuumwa lini. Mpaka hapo hakuna ubishi. Shida ni mdomo. Kila Jumamosi yuko redioni. Anasema kijana wa chuo kile ukimpa spana anauliza iko ukurasa wa ngapi. Anasema mashine za kuchongea vyuma pale chuoni zina miaka minne hazijawashwa, walimu wanazichora ubaoni. Halafu, akishanogewa, anasema mwanamke kwenye kazi ya chuma ni wa kushika ndoo ya maji.

Wanafunzi wakamwalika. Mada: cheti kinafundisha kazi? Na wa kumjibu, jina limechapwa kwenye ratiba kwa wino mweusi, dakika kumi na tano bila kukatizwa, ni Grinda.

“Wamwache aje!” Kipara akapiga meza, vijiko vikaruka. “Chuo ni mahali pa hoja! Mtu aseme atakalo! Ukiogopa maneno, funga chuo, fungua duka la magodoro!”

“Sema wewe,” akasema Mama Chupa, “ambaye kwenye banda lako la kunyolea kuna kibao: marufuku siasa, dini, mpira na ndoa za watu.”

“Kile ni kibao cha amani.”

“Na yule mteja?”

“Mteja gani?”

“Kipara, usinitolee macho. Yule uliyemtimua katikati ya kunyoa kwa sababu kasema wembe wako butu.”

“Alinikosea adabu!”

“Alitoka na nusu kichwa! Kapita hapa na upande mmoja nywele, upande mmoja uwanja. Kanunua chai kwa aibu. Mwezi mzima alivaa kofia mpaka kwenye harusi ya mdogo wake.”

“Lile ni suala la kiufundi,” Kipara akasema, akajifuta kichwa kwa kiganja. “Mimi naongelea kanuni.”

Mzee Muhtasari akainua kidole, kama mtu anayeomba nafasi kwenye kikao ambacho yeye peke yake anakiona. “Mimi siungi mkono mwaliko. Taasisi ina taratibu. Mzungumzaji mzuri ni yule ambaye kumbukumbu zake zinaweza kuandikwa kabla hajafika.”

“Heee!” nikasema. “Mzee, ulikuwa unaandika kabla?”

“Jana yake. Jioni. Miaka thelathini na moja, na nilikosea mara mbili tu. Mara moja mgeni alifariki njiani.”

“Na mara ya pili?”

“Mara ya pili mwenyekiti alisema kitu kipya. Ilituchukua miezi mitatu kurekebisha.”

Tulicheka mpaka Mama Chupa akashika mfuniko wa chupa asijimwagie. Na kicheko, ndugu zangu, kinafungua midomo. Hapo ndipo tulipoanza kuwavua nguo watu wasiokuwepo, kumbe wapo.

“Mwenyekiti gani aseme kitu kipya,” Kipara akadakia. “Huyu huyu aliyetoa hotuba ya saa moja na dakika hamsini kuhusu kutunza muda?”

“Nilikuwepo, viti vyangu,” nikasema. “Alipomaliza alirudi kwenye kiti, akalala. Akaamka watu wanampigia makofi mtu mwingine, akasimama akainama, ahsanteni, ahsanteni.”

“Mkuu wa chuo je?” Kipara akaendelea. “Wakija wageni anaamuru mashine zifunuliwe maturubai, zipakwe rangi. Sikio kadanganya nini hapo? Zimepakwa rangi mara tano na hazijawashwa mara moja.”

“Rangi ya mwisho ilikuwa kijani,” Mzee Muhtasari akathibitisha. “Kikao cha mia mbili na nane.”

“Na yule mhasibu wao,” akasema Mama Chupa, “anayekuja hapa kunywa chai kwa jina la kazi za nje! Kazi za nje zenyewe ndiyo benchi langu. Kuna kiti kimeshachukua umbo lake.”

Kipara akawa amesimama kabisa sasa, kikombe mkononi kama kombe la ushindi. “Hawa ndio wanaomkataa Sikio! Wanaogopa! Mimi ningekuwa mle ndani ningewaambia usoni. Usoni! Mwenyekiti, ningesema, wewe ni mto wa usingizi wenye tai!”

“Ungesema?” Grinda akamuuliza.

“Kwa sauti hii hii!”

Kweli kabisa. Ilikuwa ni sauti hiyo hiyo.

Mama Chupa akajaza vikombe, akamgeukia Grinda, na safari hii hakucheka. “Mimi lakini, mdogo wangu, niseme langu. Binti yangu yuko pale, mwaka wa pili, mabomba. Nimeuza chai hapa mvua na jua afike pale. Yule mzee akisema mambo ya ndoo huko gereji kwake, ni kelele za gereji. Ukimvalisha suti, ukamwekea meza na kitambaa na chupa ya maji, ukampa kipaza, upuuzi unageuka hotuba. Wavulana watampigia makofi. Binti yangu atakuwa amekaa humo humo. Kwa nini nimlipie yeye ada akatukanwe kwenye kiti cha mbele?”

Hata Kipara aliketi.

“Dada,” Grinda akasema, “binti yako ameshayasikia.”

“Wapi?”

“Redioni. Kwenye karakana. Kwenye foleni ya chakula. Mwulize leo jioni wanamwitaje. Wanamwita Ndoo.”

Mama Chupa akasimamisha chupa hewani. “Nani anamwita?”

“Wote. Hata mimi waliniita. Kwa hiyo tusi amekwisha kulisikia. Ambacho hajasikia hata siku moja ni mtu anamjibu yule mzee mbele yake, na yule mzee amekaa, amenyamaza, anasubiri zamu.”

“Na akikushinda?” Mzee Muhtasari akauliza. “Ni mwepesi wa maneno. Watu watacheka.”

“Wacheke. Nishindwe mimi, kwa mdomo wangu. Nisishindwe na tangazo la getini.”

Nikamwuliza, maana wote tulikuwa tunajua ana kisa na yule mzee lakini hakuna aliyewahi kukisikia mpaka mwisho: “Kwani ulikuwa kwake kweli?”

“Miezi mitatu, kaka. Mafunzo kwa vitendo. Chuo ndicho kilichonipeleka. Miezi mitatu nilishika taa. Fundi akilala chini ya lori, mimi namulika. Siku moja kaenda msibani, kaja mwenye lori, bomba la moshi limekatika, ana mzigo wa samani, ana haraka. Nikalichomelea. Nikalichomelea vizuri, kaka, mshono umelala kama umechorwa. Mzee akarudi kabla lori halijatoka. Akauliza nani kafanya. Nikasema mimi.” Akachukua kijiko, akakigeuza, akakirudisha. “Akaleta msumeno wa chuma. Akakata ule mshono wangu mbele ya watu wote, akachomelea upya. Akamwambia mwenye lori, samahani, hapa palikuwa pameguswa.”

“Pameguswa!” Mama Chupa akashika kifua.

“Wiki iliyofuata lori likarudi. Bomba limekatika palepale. Kwenye mshono wake.”

“Na akasema nini?”

“Akasema barabara mbovu.”

Kipara akapiga kofi pajani. “Si ndiyo maana nasema azuiwe!”

“Wewe!” tukampigia kelele wote. “Dakika tano zilizopita ulisema aje!”

“Nilisema kama kanuni! Sasa nimesikia habari za bomba, nimekasirika!”

“Ndiyo shida yenu wote,” Grinda akasema. “Mkimpenda, aje. Mkimchukia, asije. Mimi simpendi. Simpendi hata kidogo, nikimsikia redioni natia grinda kwenye chuma nisimsikie. Lakini kuhusu zile mashine amesema kweli, na nimesoma pale, sikuwahi kuziona zinazunguka. Huyo huyo anayesema uongo kuhusu mimi ndiye peke yake anayesema ukweli kuhusu chuo. Sasa mtamkata wapi mbaki na nusu mnayoitaka?”

“Mwulize Kipara,” akasema Mama Chupa. “Kukata nusu ndiyo fani yake.”

Tukacheka tena, Grinda naye. Akafungua mkoba wake wa kazi akatuonyesha: vipande viwili vya bomba, vimekatwa sawasawa, vimesafishwa mpaka vinang'aa. “Kimoja chake, kimoja changu. Nikifika dakika ya kumi naacha kuongea. Namwambia, fundi wangu, shikamoo, chomelea hiki, mimi nachomelea hiki, halafu wanafunzi wavipige nyundo. Nimeshaomba chuo waruhusu mashine ndogo ya kuchomelea mlangoni mwa ukumbi. Wiki mbili silali vizuri. Mwacheni aje tu. Nina maneno naye.”

Nilikuwa naangalia vile vipande vya bomba, nikawaza viti vyangu mia mbili vilivyopangwa kule ndani, nikaona sasa vina maana kuliko harusi zote nilizowahi kuzipangia. Ndipo mlinzi wa geti la chuo akavuka barabara. Kofia mkononi, anatembea taratibu kama amebeba trei ya mayai. Akatufikia, akaweka kidole mdomoni. Akanionyesha kipaza. Akaona sielewi, maana sura yangu inajulikana, akaniinamia sikioni na kwa sababu ya ile mashine ya unga akapiga kelele kwa nguvu zake zote:

“MNASIKIKA!”

Nayo hiyo ikaenda.

Nikatazama kitaa cha kijani. Kikanitazama.

“Wapi?” Mama Chupa akauliza kwa midomo tu.

“Ukumbini. Bodi nzima. Tangu Mzee anasoma tangazo.”

“Mbona hawakuzima?” nikanong'ona, kama kwamba kunong'ona kungesaidia.

“Mwenyekiti alisema zimeni. Mkuu akasema ngojeni kidogo. Mlipofika kwa mkuu, mkuu akasema zimeni, mhasibu akasema ngojeni kidogo. Mlipofika kwa mhasibu, mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyesema ngojeni. Sasa hivi wamefunga madirisha yote, wanafunzi walishaanza kujazana nje wanasikiliza.”

Kipara alikuwa wa kwanza kukikamata kipaza. Alikishika kwa mikono miwili. “Waheshimiwa wa bodi, habari za asubuhi. Hapa anaongea mtu mwingine kabisa, mpita njia. Yule bwana aliyekuwa anapiga kelele kuhusu mto wa usingizi ameshaondoka, alielekea stendi—”

“Kipara, keti,” akasema Mama Chupa, karibu kabisa na kipaza. “Sauti yako wanaijua, unawanyoa.”

Mzee Muhtasari akakichukua kwa adabu, akakohoa. “Mwenyekiti, naomba iingie kwenye kumbukumbu kwamba yale yote yaliyosemwa yaondolewe kwenye kumbukumbu. Naomba pia kufahamu kama kikao hiki ni halali, kwa kuwa baadhi ya wachangiaji walikuwa wanakunywa chai. Ahsante.” Akakirudisha mezani, akafunga daftari, akaanza kutafuta fimbo yake ambayo alikuwa ameishika.

Mimi nikanyoosha mkono nizime. Naapa nilikuwa nazima. Mkono wa Grinda ukafika kabla ya wangu.

“Kaka, ngoja.”

“Dada, tumeshaharibu. Tusiongeze.”

“Wamekaa wanaamua kuhusu mimi na sikualikwa. Leo Mungu kanialika kwa betri yako.”

Akasimama. Mama Chupa akamvua miwani kilembani, akamfuta masizi shavuni kwa kona ya kanga, kama vile mle ndani wangemwona. Na hapo mashine ya unga ikazimwa. Mwenye mashine katokea mlangoni, mweupe nyusi hadi viatu, anataka kujua kulikoni. Kukawa kimya ambacho mtaa wetu haukukizoea. Grinda alipofungua mdomo tukamsikia mara mbili: hapa, na kule ndani ya ukumbi, amechelewa kidogo, mkubwa zaidi.

“Shikamooni waheshimiwa. Mimi ndiye mchomeleaji. Jina langu mnalo kwenye ratiba. Tangazo linasema mnanilinda. Nashukuru. Lakini nilishika taa miezi mitatu pale mliponipeleka, na hakuna aliyekuja kuniangalia. Kwa hiyo ulinzi wenyewe umechelewa kidogo.”

Mlinzi akacheka, akajiziba kwa kofia.

“Mkimzuia fundi wangu, yeye hapotezi kitu. Yeye ana redio kila Jumamosi. Hii Jumamosi atasema chuo kimemwogopa, na atakuwa amesema kweli, na mimi sitakuwa na pa kumjibia. Mimi sina redio. Mimi nina kesho tu, dakika kumi na tano. Hizo ndizo mnazozifuta. Haya waliyoyasema wenzangu hapa kuhusu usingizi na rangi na kazi za nje, kama yamewaudhi, kesho njooni na nyie muwajibu, viti vipo. Si ndiyo mdahalo?”

Kipara akaanza kuvuta kiti chake nyuma, taratibu, kwa makalio.

“Hiki kipaza ni cha kusema tu, hamwezi kunijibu humu,” Grinda akaendelea. “Lakini naona madirisha yenu. Yako saba. Sitaki mtu ataje jina, sitaki mtu asimame. Yeyote anayekubali mgeni aje, afungue dirisha moja. Mkono tu nitauona.”

Tukageuka wote. Mwenye mashine ya unga akageuka. Nje ya ukumbi wanafunzi walikuwa wamejaa ukutani, na miongoni mwao nikamwona binti wa Mama Chupa, na yeye anatazama juu kama wengine. Vioo saba, jua limevipiga, huoni ndani. Pikipiki moja ikapita. Mlinzi akavaa kofia, akaivua. Mzee Muhtasari alikuwa amefungua daftari tena, kalamu juu ya karatasi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa ameandika kitu.

Dakika ikapita. Ya pili. Chai yangu ikaota ngozi.

“Mimi bado nipo,” Grinda akasema kwenye kipaza, na sauti ikarudi kutoka kule ndani, bado nipo. “Naomba moja tu, waheshimiwa. Hata lile dogo la chooni.”